Mkutano Tulioudhania Sinema

Jumapili alasiri sinema yetu ya Tabora mjini ilikuwa ya wanawake. Mimi na shangazi yangu, mke wa seremala wa Mtendeni, tulivaa mabaibui tukaenda kuangalia filamu za Kihindi. Kihindi hatukukijua. Shangazi alinieleza hivyo hivyo, kwa kunong'ona, huyu mume, yule kaka, na mara nyingi filamu ikiisha yule kaka alikuwa amemwoa dada yake.

Kisha serikali ikataifisha majumba makubwa. Mwenye sinema, Mhindi mzaliwa wa hapo hapo, akahama na familia yake. Watu wakasema jengo sasa ni letu. Letu vipi, sikuelewa, lakini nilifurahi.

Jumapili moja baada ya hapo tukakuta milango wazi. Hakuna aliyetuuliza tiketi. Ndani mlikuwa na wanaume pia, tukaona haya, tukakaa nyuma kabisa. Bwana mmoja akasimama mbele ya pazia, akaanza kuzungumzia kilimo cha pamoja.

"Huyu wa matangazo tu," akasema shangazi. "Filamu inakuja."

Yule bwana alizungumza mpaka joto likatuzidi. Mwishowe akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Ukumbi mzima ukanyoosha. Shangazi akanyoosha, nami nikamfuata.

"Tumekubali nini?" nikamuuliza.

"Waanze," akasema.

Hawakuanza. Watu walipiga makofi, wakatoka.

Jumamosi yake mjumbe wa nyumba kumi akaja nyumbani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamgeukia shangazi.

"Mama, lori linawasubiri. Si mlijitolea kwenda kupalilia shamba la ushirika?"

Mume wa shangazi akaweka randa chini. "Mlijitolea wapi?"

"Sinema," akasema shangazi.

Mumewe akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akaokota randa yake.

Tulipanda lori, tukapalilia karanga kando ya barabara ya Kaliua hadi mikono ikatoka malengelenge. Nilitaka kulia. Shangazi, ambaye nyumbani jembe hakuligusa, aliimba na wanawake wa Kinyamwezi na kucheka nao.

Baada ya mavuno filamu zilirudi, sijui kwa amri ya nani. Shangazi hakwenda tena. Alikuwa amepata shoga zake wa shambani, na Jumapili alishinda kwao. Nilikwenda peke yangu, nikakaa pale nyuma, nisijue kama nimemkasirikia au namwonea wivu.