Karakana ya Baba Ilivyopotea Mtandaoni

Baba yangu alikuwa fundi wa viti mwendo na zile baiskeli za matairi matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Karakana yake ilikuwa Igoma, Mwanza, chumba kimoja cha matofali na kibaraza cha mabati alikochomelea vyuma. Hakukata hata bomba moja kabla hajampima mtu. Alipima mapaja na mgongo, akamwambia amkamate mkono aone nguvu zake, kisha akauliza njia ya kwao ikoje, ya mchanga au ya mawe. "Kiti si sufuria," alisema. "Hakinunuliwi kwa kukisia."

Zamani wateja walimfikia kwa kusikia. Kila baada ya miezi michache alizunguka kwenye parokia na vituo vya afya, Magu, Misungwi, mpaka Kwimba, akiacha picha za kazi zake na namba ya simu. Mimi ndiye niliyemwachisha. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepata kazi ya ofisini Nyamagana, najiona naijua dunia inakoelekea. Nikamtengenezea tovuti. Nikapiga picha kila kiti, nikaandika maelezo jioni baada ya jioni, na haukupita muda mrefu mtu akiandika kwenye simu yake "baiskeli ya mlemavu Mwanza" alituona sisi kwanza.

Wakaja. Walitoka Geita, Shinyanga, hata Bukoba. Baba aliwauliza nani kawaelekeza, na wakimjibu kwamba ni simu alicheka kama mtu aliyesalimiwa na asiyemfahamu. Ndipo nikamwambia apumzishe magoti, aache kuzunguka, maana watu wote wako humu. Akanisikiliza. Laiti angekuwa mbishi.

Ikaenda hivyo kwa miaka kama mitatu. Halafu simu zikapungua, na mwezi mmoja hazikuita kabisa. Mwanzoni tulidhani ni msimu wa kilimo, watu wako mashambani. Nilipotafuta mwenyewe, kama anavyotafuta mteja, niliona matangazo ya kulipia yamejaa juu, ya wafanyabiashara wa viti vya kuagiza kutoka nje. Chini yake, maduka makubwa. Nilishuka, nikafungua ukurasa wa pili, kisha wa tatu. Sisi tulikuwa huko chini, chini ya watu wanaouza baiskeli za watoto.

Hatukuwa tumekosea kitu, au kama tulikosea hakuna aliyetuambia. Nilibadilisha maneno, nikaongeza picha. Nikalipia tangazo, likaonekana siku chache, likazimika hela ilipoisha, maana wakubwa walikuwa na uwezo wa kulipa zaidi yetu kila siku ya Mungu. Niliwaandikia wenye mtandao huo wa kutafutia. Nilijibiwa papo hapo na mashine, kwa Kiingereza, kwamba wanashukuru kwa maoni yangu.

Baba aliniuliza, "Huyo anayepanga majina anakaa wapi?"

"Si mtu mmoja, Baba. Ni kampuni ya nje. Inapangwa na kompyuta."

"Kompyuta ina mwenyewe. Na mwenyewe ana ofisi. Twende tukamweleze. Akiiona kazi yangu ataelewa."

"Hapa Tanzania hatuna wa kumwendea, Baba."

Hakuniamini. Siku iliyofuata, nikiwa kazini, alivaa koti lake, akachukua bahasha ya picha na kwenda mjini, kwenye ofisi ya kampuni ya simu, kwa kuwa mtandao alikuwa anaununua kwao. Alichukua namba, akakaa kwenye foleni mpaka ikaitwa. Binti wa kaunta alimsikiliza kwa heshima, akazitazama picha zote, kisha akamwambia, "Samahani sana, baba, sisi tunauza bando tu. Hayo mengine hayako kwetu." Aliponisimulia alimsifu yule binti kwa malezi mema. Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta kitu kabatini.

Kilichomvunja kilitokea baada ya hapo. Jumamosi moja, nikiwepo, alikuja mama kutoka Sengerema. Alikuwa amevuka na kivuko asubuhi, na bodaboda ilimshusha karibu na mlango wetu, bintiye wa miaka kama tisa mbele yake na kiti mwendo kimefungwa nyuma kwa kamba. Kiti kipya, kinang'aa, cha mtu mzima. Mama alipomkalisha, yule mtoto alizama ndani yake, na ubavuni alikuwa na kidonda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibuni. Mmenunua wapi hiki?"

"Mtandaoni. Tuliletewa kwa basi." Akamtazama baba, akasita. "Jirani yetu ulimtengenezea zamani. Tulikutafuta wewe kwanza, baba, tukakutafuta sana kwenye simu. Hukuwepo. Tukasema basi, mzee wa watu atakuwa ameshafariki. Leo jirani kanielekeza hapa, nikaja kuuliza kama mzee aliacha mtu wa kurekebisha."

Baba alichuchumaa, akamwomba mtoto ruhusa, akaanza kumpima. Alifanya kazi mpaka alasiri. Alikata fremu, akaipunguza, akashona mto upya kwa mkono wake, na kila baada ya dakika chache alimuuliza mtoto, "Hapa panauma? Na hapa?" Mama alipofungua pochi, baba aliifunga kwa kiganja.

Walipoondoka aliketi kwenye benchi ya kuchomelea. "Kumbe nilishakufa," aliniambia, "na nyinyi hamkunipa taarifa." Alijaribu kucheka. Nilitaka kumwomba msamaha, nikabaki nafagia vyuma.

Nilimshauri turudi kwenye kuzunguka, nikachukua na likizo ili twende pamoja. Tulifika parokia mbili. Mapadre walishahamishwa, wauguzi walikuwa wapya, hakuna aliyemjua. Kwenye kituo kimoja muuguzi kijana alichukua picha zetu kwa mikono miwili, akatuuliza kwa nia njema kabisa kama tupo mtandaoni, angetutafuta. Baba akaniangalia. Tukarudi nyumbani.

Mwaka huo haukuisha kabla hajauza mashine ya kuchomelea. Akarudi kijijini kwetu Kagera, kwenye migomba ya babu, ambako dada yake alikuwa anaishi peke yake. Chumba cha Igoma wakapanga watu wa saluni.

Tovuti sikuifuta. Sina sababu ya maana ya kueleza. Zilikuwemo picha zake. Na miezi minane baadaye simu ikaita nikiwa kazini, mwanamume wa Bariadi anamtafutia mke wake baiskeli. Wiki hiyo wakapiga wanne. Nikatafuta. Tulikuwa wa kwanza. Hakuna aliyetushusha kwa barua, na hakuna aliyetupandisha kwa barua.

"Tumefunga, kaka," nilimwambia yule wa Bariadi.

"Mbona hapa inasema mko wazi?"

Nilipokwenda kumsalimia baba Pasaka, nilimkuta anapunguza majani makavu ya migomba. Nilikuwa nimeazimia kunyamaza, nikashindwa.

"Baba, tumerudi juu. Watu wanapiga."

Aliendelea kukata. "Nani katurudisha?"

"Sijui."

"Basi hata akitutoa tena hutajua." Alinyoosha vidole vyake, ambavyo siku hizi havikunjiki vizuri. "Wanaopiga unawaambia nini?"

"Nawaambia tumefunga."

"Waambie pole. Na uwaulize njia ya kwao ikoje, ili huko watakakonunua wajue kuchagua tairi."

Nikasema sawa. Shangazi akatuita chakula. Baba akanawa mikono kwa muda mrefu, akala kidogo, akaenda kulala mchana ule, yeye ambaye maisha yangu yote sikuwahi kumwona analala mchana.