Sauti ya Mlangoni

Kila Agosti, shule zikifungwa, kuna familia moja hapa Nyeri humkatia keki mtu aliyekufa. Alikuwa mpiga gitaa maarufu, wa enzi zile Uhuru ulikuwa bado unanuka rangi mpya, na redio ya asubuhi humtakia heri ya siku ya kuzaliwa kana kwamba atapiga simu kushukuru. Siku yenyewe hakuna anayeijua. Kitambulisho chake kilikuwa na mwaka tu. Shosho, yaani nyanya yangu, aliyekua naye kijiji kimoja, anasema alizaliwa wakati wa mvua kubwa, na Agosti kwetu hakuna mvua kubwa, kuna ukungu wa kunyonya mifupa. Lakini Agosti wajukuu wako likizo na hoteli ina nafasi. Basi akazaliwa Agosti.

Shosho hualikwa kila mwaka. Kuna wimbo mmoja wa yule mzee ambao kila mwenye mvi, kutoka Kagio hadi Nanyuki, anaujua, na kwenye ubeti wa pili kuna msichana anayemjibu. Msichana huyo ni shosho. Jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Hata kuimba kwenyewe hakupewa nafasi: studio ilikuwa na maikrofoni moja, bendi nzima ikaizunguka kama watu wanaoota moto, na yeye, kwa vile sauti yake ilikuwa kali, akaambiwa arudi nyuma asimame mlangoni. Ndiyo maana ukiusikiliza wimbo, yeye yuko mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto.

"Walisema nikikaribia nitapasua chombo," husema, tena kwa maringo.

Mimi nimemcheka kwa sauti hiyo tangu darasa la tatu. Nabana pua, nanyoosha shingo kama kuku aliyeona mwewe, naimba sehemu yake yote, na binamu zangu wanaanguka chini. Mbwa hubweka. Shosho hunirushia chochote kilicho mkononi, mara nyingi maganda ya viazi, na kuniita mume wangu mjinga. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa shosho, kwa hivyo ndoa yetu imekuwa ya matusi muda mrefu.

Mwaka huu binti wa marehemu alikuja nyumbani mwenyewe, na mkate na sukari. Santuri zao zote zilikuwa zimekwaruzika. Ya shosho ilikuwa nzima, kwa sababu iliishi chini ya godoro, ndani ya leso, na hatukuwahi kuwa na mashine ya kuichezea.

"Mama, tunataka kuisafisha na kompyuta," alisema. "Tutoe makelele yote, isikike kama imerekodiwa jana. Tutaizindua siku ya keki."

"Na mimi nitasikika?"

"Utasikika kushinda zamani."

Shosho akaitoa. Tangu siku hiyo alikuwa na habari moja tu, akaisambaza kanisani, sokoni na kwa mwenye kuuza maziwa: kabla hajafa atajisikia kutoka karibu.

Siku ikafika. Keki ilikuwa na umbo la gitaa, yenye nyuzi nyingi kuliko gitaa lolote nililowahi kuona. Ukutani walikuwa wametundika ubao wenye picha ya marehemu, na chini ya picha, santuri ya shosho. Sisi tukakalishwa karibu na mlango. MC akamtambulisha shosho kuwa "shabiki wake wa kwanza." Mimi nikaanza kuinuka.

"Kaa chini," shosho akaninong'oneza. "Ngoja wimbo."

Wimbo ukaanza. Lazima niseme ukweli, ulikuwa safi. Gitaa lilisikika hadi kidole kikiteleza kwenye waya. Ubeti wa kwanza ukapita. Shosho akanishika mkono. Ubeti wa pili, mzee akauliza swali lake, halafu likaja gitaa peke yake. Akauliza tena. Gitaa. Alikuwa kama mtu anayempigia simu mteja asiyepatikana.

Shosho akanigeukia. Nafikiri alidhani ni masikio yake. "Mume wangu, wewe unanisikia?"

"La, shosho."

Mzee alipouliza mara ya tatu, shosho akasimama akamjibu. Sauti ilikuwa imechakaa, lakini ilikuwa ileile.

Baba mmoja mwenye kofia akageuka. "Shosho, pole, hebu tusikie wimbo."

Watu wakacheka, kile kicheko cha upendo wanachochekewa wazee na watoto. "Shabiki wetu ameshikwa na wimbo!" MC akapaza sauti. "Mpigieni makofi!"

Wakapiga makofi. Shosho akaketi.

Nikaenda kwa kijana wa mitambo. "Bro, kwa huu wimbo kulikuwa na sauti ya msichana."

"Msichana? Kulikuwa na kelele fulani huko nyuma, kama mlango hivi. Programu ilitoa yenyewe. Si imetoka safi?"

"Na ile ya kwanza, kabla ya kusafisha?"

"Nilifuta. Hizo vitu zinajaza mashine."

Nikaenda ukutani. Santuri ilikuwa imegandishwa kwa supaglu, upande wa wimbo ukiangalia mbao, kwa sababu karatasi ya lebo ya upande wa pili ndiyo ilikuwa nzuri. Nikajaribu kuing'oa kwa ukucha.

"Usiguse!" binti wa marehemu akanijia. "Hiyo ni historia."

"Hiyo ni ya shosho yangu."

"Na tumeiweka mahali kila mtu ataiona. Mwambie ajivunie." Kisha akaagiza tufungiwe keki ya kubeba. Tulipewa shingo ya gitaa.

Kesho yake redio ikaucheza ule wimbo mpya. Ule mchafu, ambao angalau shosho alisikika nusunusu, hawauchezi tena, na mtandaoni wenye haki za wimbo wameufanya uondolewe. Shosho alikuwa anamenya viazi. Akazima redio kwa kiwiko.

"Hebu niimbe," akasema.

"Nikuimbe vipi?"

"Ile sehemu yangu."

Nikaimba. Niliimba kwa heshima, bila kubana pua, mikono mgongoni kama niko mbele ya paroko. Alisikiliza hadi mwisho, kisu kimesimama.

"Hapana," akasema. "Ile ya kunicheka ndiyo ilikuwa karibu."

Nikabana pua, nikanyoosha shingo, nikaimba. Mbwa akabweka. Maganda yalikuwa yamejaa mapajani mwake, na hakunirushia hata moja.