Sanduku Lililopelekwa Maonyesho

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka Mtinko na bahasha ya vyeti mkononi, viatu vimejaa vumbi. Mkubwa aliyenipokea, ofisa wa kata, alinitazama, akatazama nyuma yangu, kisha akauliza, "Bwana mifugo mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia ndiye mimi. Alicheka hadi akapaliwa. Tangu hapo wanakijiji wakaniita Bwana Mifugo, na mimi ni mwanamke na nusu. Hilo halikunisumbua. Kilichonikera ni alichosema alipomaliza kucheka: "Kazi yako ni ng'ombe na mbuzi. Kuku achana nao, hayo ni mambo ya akina mama."

Eti mambo ya akina mama! Singida hii, ambako mabasi yanaondoka kila siku na matenga ya kuku! Mtoto akiumwa, anauzwa kuku. Mgeni akija, anachinjwa kuku. Mkubwa yule mwenyewe kila alipotembelea kijiji alirudi na jogoo amefungwa miguu, halafu ananiambia kuku si mifugo. Ninyi vijana mnaonunua mashine za umeme zinazogeuza mayai zenyewe, mjue sisi tulianzia kwenye dharau hiyo.

Sanduku langu la kwanza la kutotolesha vifaranga nililitengeneza pamoja na fundi seremala wa pale senta. Tulichukua mbao za makasha, tukajenga kuta mbili mbili, na katikati tukashindilia maganda ya alizeti kutoka mashine ya kukamulia mafuta ili joto lisitoroke. Wenzetu wa Singida mnaujua upepo wetu. Ukiacha ufa wa upana wa ukucha, umekwisha. Chini tukaweka taa ya chemli chumbani mwake, imefunikwa debe, na moshi tukautoa nje kwa bomba ili usiyafikie mayai. Juu ya debe likakaa sinia la maji, kwa sababu yai linataka unyevu sawasawa na linavyotaka joto. Juu zaidi ndiyo trei ya waya yenye mayai. Mlangoni tukabandika kipande cha kioo, na themometa ikaning'inia ndani, uisome bila kufungua.

Kila yai nililitia alama ya mkaa upande mmoja, ili nikiyageuza nijue lipi limegeuka na lipi bado. Kuku anayeatamia huyageuza mwenyewe kwa mdomo kutwa nzima, hana haja ya alama. Baada ya wiki moja nayapima kwa tochi gizani: lenye mishipa myekundu lina uhai, lililo jeupe kama maji nalitoa. Na siku za mwisho, nawaomba mlishike hili, hugeuzi tena wala hufungui mlango. Ukifungua, unyevu unatoka, ule utando wa ndani ya gamba unakauka na kumng'ang'ania kifaranga, anafia humo humo akiwa amekamilika.

Mwaka mmoja kideri kikaingia. Kideri ni ugonjwa wa kuku unaowapinda shingo na kuwaharisha kijani, na kikipita kijijini hakibakishi. Nilikuwa nimeomba chanjo mapema, nikajibiwa kuwa chanjo ya ng'ombe ndiyo ina kipaumbele. Basi tukazika kuku. Jirani yangu mmoja, mjane aitwaye Bibi Zena, alipoteza wote. Yeye alikuwa na kuchi, wale kuku warefu wenye shingo ndefu na miguu minene, mbegu aliyoachiwa na mama mkwe wake na kuilinda ujana wake wote. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwomba jogoo.

Alinijia asubuhi na kapu limefunikwa kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Haya niliyakusanya kabla ugonjwa haujafika. Nilikuwa nangoja mtetea aanze kuatamia. Sasa mtetea hayupo, jogoo hayupo, na kijiji kizima hakuna kuku wa kuazima. Nasikia una kuku wa mbao."

Nikayapokea. Nikamwambia nitayatunza. Kwenye kapu lile ndimo ilimobaki mbegu yote ya kuchi wake, na wote wawili tulilijua hilo.

Mayai yalikwenda vizuri. Kwenye tochi niliona mishipa, halafu macho, halafu kiwiliwili kinachojigeuza. Tulipofika siku zile za kutofungua mlango, ikaja pikapu. Akashuka Mkuu wa Idara ya Mifugo wa halmashauri yetu, mwenye tumbo lake na miwani yake ya jua.

"Nimesikia una mashine ya kienyeji," akasema. "Tunaipeleka maonyesho ya wakulima. Ubunifu wa idara."

Ubunifu wa idara! Idara haikunipa hata msumari.

"Mzee, lina mayai yanayokaribia kuanguliwa. Nipe siku chache tu."

"Maonyesho hayasubiri kuku. Yatoe, yaweke kwenye karai."

"Yatakufa, mzee. Yana mwenyewe, na hana mengine."

"Mayai yanauzwa kila duka, mama. Usinipotezee muda."

Nikasimama mlangoni, nikamwambia kama anataka sanduku, anibebe na mimi. Akanikata jicho, akaingia kwenye gari, akaondoka. Nikajua nimeshinda. Thubutu! Kesho yake nikaletewa amri ya kwenda kuchovya mbuzi kwenye dawa ya kupe kijiji cha mbali. Asubuhi nikiondoka niliweka sikio kwenye kioo, nikawasikia. Vifaranga walikuwa wakilia ndani ya magamba. Wakati huo hubaki kidogo tu watoboe. Nikamwachia mke wa fundi seremala kazi ya kuangalia taa, nikaenda nikiwa na furaha kama mjinga.

Niliporudi, chumba cha sanduku kilikuwa kitupu. Mke wa fundi alikuwa analia. Walikuja wanaume na karatasi yenye mhuri, wakapakia sanduku na mayai yake, taa wakaizima isije ikaliunguza gari. Lilirushwa juu ya matuta ya barabara ile mpaka uwanja wa maonyesho.

Nilidandia lori usiku uleule. Asubuhi nikalikuta sanduku chini ya hema, limepakwa vanishi, limefungwa utepe, mlango uko wazi kabisa upepo unapita. Mkuu wa Idara alikuwa akiwaelekeza wageni kwa fimbo: "Na hapa ndipo kifaranga hutokea." Nikashika yai moja. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikaliweka sikioni, nikashika jingine, na jingine. Kimya.

Mkuu wa Idara alinivuta pembeni. Sikilizeni alichoniambia: "Kanunue vifaranga wa dukani mjini, mpelekee huyo bibi, mwambie ndio hao. Kifaranga wa siku moja ni kifaranga tu."

"Mzee," nikamwambia, na sauti ilinitoka hadi wageni wakageuka, "wewe huna haya?"

Nikayafunga mayai kwenye kanga yangu, nikampelekea mwenyewe. Bibi Zena alipasua moja. Ndani alikuwamo kifaranga mzima, na manyoya, na mdomo, na miguu ile minene ya kuchi.

"Walilia?" akaniuliza.

"Walilia, bibi."

Hakupasua jingine. Aliyazika nyuma ya nyumba yake.

Sanduku lilipata cheti, jina kwenye cheti likawa la Mkuu wa Idara. Mimi nikapata uhamisho wa kwenda Kinyangiri, kwa kosa la utovu wa nidhamu. Wenzangu wakanisema: ungenyamaza tu, ungeshapanda cheo. Kinyangiri nikajenga masanduku mengine, nikawafundisha kina mama kuchanja kuku wao dhidi ya kideri kwa matone ya jicho, wenyewe bila kungoja ofisi. Sijutii uhamisho. Ninachokasirikia ni kwamba hadi leo ofisi zetu zinapenda kitu kionekane kuliko kifanye kazi, na anayesema hivyo anaitwa mkorofi. Basi mimi ni mkorofi, andikeni hivyo.

Nilistaafu nikiwa Singida Mjini. Kwenye hafla ya kuniaga alialikwa Mkuu wa Idara yule, naye mstaafu, mvi kichwa kizima. Akapewa kipaza sauti. Akasimulia habari ya sanduku kama kichekesho: "Huyu mama alinifokea mbele ya wageni kwa ajili ya mayai ya bibi mmoja!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hata waliokaa meza yangu walicheka.

Nikasimama.

"Mzee, bibi huyo anaitwa nani?"

Akatabasamu, akamtazama jirani yake. "Aa, hiyo ni zamani mno."

"Na wakati ule ulikuwa unamjua jina?"

Kicheko kikakatika. Akakirudisha kipaza sauti mezani.

"Anaitwa Zena," nikasema. "Na tangu siku ile hajafuga kuku tena."