Mkono Begani kwa Bibi Harusi

"Mama Picha, hivi ule mkono begani kwa bibi harusi ni wa nani?"

Jirani yake mshonaji ndiye aliyeuliza, siku moja alipokuja kuazima pasi, akawa ameikazia macho picha kubwa iliyotundikwa sebuleni. Kwenye picha hiyo binti wa Mama Picha amevaa shela. Kulia kwake yuko bwana harusi, kushoto kwake kuna chungu kirefu cha maua, majani yake yanapendeza kweli. Na begani kwake, upande wa chungu, umetulia mkono wa mtu mzima, una pete na bangili. Mama Picha akajibu kwamba pasi iko juu ya kabati.

Mkono ule ulikuwa wa wifi yake. Wifi huyo, dada wa mumewe na shangazi wa bibi harusi, ni mtunza stoo wa shule, mwanamke wa funguo nyingi na maneno machache. Mungu alimjalia mwanya kwenye meno ya juu, nao ulikuwa fahari yake tangu usichana. Sasa Mama Picha, ambaye kazi yake ni kupiga picha na kuzisafisha kwenye kompyuta katika chumba cha mbele cha nyumba yake, alikuwa ndiyo kwanza amepata programu mpya, akaona aijaribu kwenye picha ya harusi. Akafuta chunusi za bwana harusi. Akapunguza tumbo la mumewe. Na kwa kuwa mkono ulishakolea kazi, akaziba mwanya wa wifi yake, kwa nia njema kabisa.

Wifi alipoiona picha akauliza, "Mwanya wangu umekukosea nini?"

Mama Picha akajitetea, wifi akarudisha, mpaka wifi akasema kama sura yake haifai basi atolewe mzima mzima. Mama Picha naye hasira zikampanda, akaketi, akamtoa, akaweka chungu. Mkono uliobaki begani hakuuona. Alipokuja kuuona, picha ilishachapwa na kutiwa fremu.

Tangu hapo hawakusemeshana. Mumewe hakuingilia, ila kila jioni akivua viatu hutazama ukutani na kuuliza kwa upole kama kuna mtu aliyemmwagilia dada yake maji.

Lakini Mama Picha ana tabia moja ya kumshukuru Mungu: picha ya mwanzo haifuti. Wateja huja wakitaka shemeji atolewe, rafiki akatwe, mchumba wa zamani ageuzwe pazia. Yeye hufanya wanavyotaka, ila ile ya mwanzo huiweka, maana ameona watu wakipatana na kurudi kwa aibu kuomba waliofutwa warudishwe. Wote hao walikaa kwenye diski moja kuukuu ndani ya kompyuta yake, wifi akiwa miongoni mwao, mwanya wazi.

Asubuhi moja diski hiyo ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi na hataki kuingia. Kazi za watu zilikuwa humo, ni kweli, lakini lililomjia Mama Picha kwanza ni kwamba diski ikifa, wifi yake atabaki chungu cha maua mpaka siku ya kiyama.

Akaitwa fundi wa kompyuta, mzee mwenye upara aliyeanzia kwenye redio. Akaweka sikio ubavuni mwa kompyuta, akasema mgonjwa bado anaongea, wasimchoshe, picha zihamishwe kwanza. Zihamie wapi, ndipo ukaanza mjadala. Fundi alitaka diski ndogo ya kasi, ile isiyo na kinachozunguka ndani, iwe ya programu na kazi za wiki. Picha za mwanzo alitaka ziwekwe kwenye diski mbili kubwa pacha: kinachoandikwa kwenye hii, na ile inakiandika papo hapo.

Mama Picha alizipenda hizo pacha. Akauliza tu, itakuwaje yeye akimfuta mtu kwa bahati mbaya kwenye hii. Fundi akasema na ile inamfuta, saa ileile.

"Basi huyo si shahidi," Mama Picha akasema. "Huyo ni mpambe."

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Akakubali kwamba pacha hukukinga na kifo cha diski, hazikukingi na mkono wako mwenyewe. Wakaafikiana: ile ndogo ya kasi ya kufanyia kazi, kubwa moja ndani ya kompyuta, na kubwa nyingine kwenye kasha lake, ichomekwe mara moja kwa wiki, inakili, ichomolewe. Na hiyo, fundi akaonya, isilale nyumba hii. Mwizi na moto hawachagui.

Mshonaji akajitolea kwa moyo mweupe. Akaonyesha mahali penyewe, mezani kwake, pembeni ya sumaku kubwa anayookotea pini. Fundi akafumba macho, maana sumaku huharibu diski. Ikatajwa nyumba ya mdogo wake Mama Picha, lakini hiyo ilikuwa kavu kiangazi tu. Ndipo mume wa Mama Picha, bila kuinua uso kwenye kikombe, akasema anaijua nyumba yenye kabati la chuma na mwenye funguo asiyezipoteza, sema mwenyewe siku hizi ni chungu.

Picha zilihama taratibu, folda moja baada ya nyingine, Mama Picha amekaa anaomba kimoyomoyo. Folda ya harusi ilipopita salama akaifungua. Wifi alikuwa anacheka, mkono begani kwa binti, mwanya wote nje. Ulimpendeza. Mama Picha akashangaa alikuwa anaziba nini.

Jumamosi akaifunga diski kwenye taulo safi, akaenda. Wifi akafungua mlango, akasimama palepale, funguo mkononi, wala hakumkaribisha.

"Umefuata mkono?" akauliza.

Mama Picha akataka kucheka, akaogopa. Akanyoosha lile taulo kwa mikono miwili.

"Wifi, naomba unitunzie hii kabatini kwako. Ina picha zote, na wewe umo, na mwanya wako."