Panga Lililookolewa na Ulimi Wangu

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha umeme cha pwani ya Tanzania, Mhandisi Mkuu aliniwekea mkononi panga la turbini, kipande cha chuma kinachozungushwa na gesi ya moto, akaniuliza naona nini. Nilikuwa na diploma mpya, niliyoisomea kwa kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, hapa Kavimvira, Uvira, bila msaada wa mjomba yeyote. Nikamjibu bila kusita: aloi ya nikeli, yenye kromi inayoiotesha ngozi nyembamba ya oksidi ili moto usiile. Akatabasamu. Vijana wa Uvira mnaonisikiliza, chuma hicho ni cha ajabu. Huzunguka katika joto ambalo lingelainisha nondo za nyumba zenu, na hakipindi.

Adui wake ni chumvi ya bahari. Ikikutana na salfa ya dizeli hugeuka salfeti, huyeyuka juu ya panga na kuitafuna ile ngozi. Kwa hiyo mtambo tuliuosha kwa maji yaliyoondolewa madini yote.

Siku moja kichujio cha maji hayo kiliharibika, mtambo umezimwa, mji mzima unangoja umeme. Mhandisi Mkuu akaagiza tuoshe kwa maji ya kisima. Mafundi wenyeji walikuwa wameyanywa tangu utotoni, kwao yalikuwa maji tu. Mimi, mtoto wa ziwa lisilo na chumvi, nilionja tone nikafunga valvu, nikamwambia bosi kwa Kiswahili cha kwetu:

"Chef, hii maji iko na chumvi. Minye siwezi kuioshea mashine."

"Wewe Mkongo, mji ukae giza kwa ajili ya ulimi wako?"

"Ulimi wangu ni wa Ziwa Tanganyika, Chef. Upime maji. Nikikosea, unirudishe kwetu kesho."

Akapima mwenyewe. Mshale wa kipimo ukaruka. Papo hapo aliagiza lori la maji safi kutoka mbali, na kila simu ya lawama akaipokea yeye, jina langu hakulitaja. Bosi wa namna hiyo sijapata mwingine.

Tulipoufungua mtambo baadaye, mapanga hayakuwa na malengelenge ya kijani, dalili ya chuma kutafunwa na chumvi.

Nilipostaafu, Mhandisi Mkuu, sasa mzee, alikuja na fimbo yake, akanikabidhi panga moja lililomaliza muda wake.

"Kawaoneshe kwenu. Hili lilioga kwa ruhusa ya ulimi wako."

Liko mezani kwangu Kavimvira. Wenzangu waliofanya kazi ugenini walirudi na magari, nayo yameshaota kutu. Panga langu halina hata doa.