Mfalme Niliyemwandika kwa Kalamu Yangu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila inaponirudia nashikwa na hasira, nusu juu ya watu wengine na nusu juu yangu mwenyewe. Ilikuwa Jumanne, darasani kwenu. Nilikuwa nimewafundisha kwa nini watu wa Ufaransa walimwangusha mfalme wao. Nilichora pembetatu ubaoni: kileleni mfalme aliyedai madaraka yake yametoka kwa Mungu, chini yake wakuu wa kanisa na mabwana waliosamehewa kodi, na chini kabisa wakulima waliowabeba wote huku mkate ukiwashinda bei. Sababu sita, matokeo saba. Wewe ukanyoosha mkono ukauliza, "Mwalimu, kama waliumia hivyo, kwa nini walingoja miaka yote ile?"

Nikakujibu, "Hilo halitoki kwenye mtihani. Kaa chini."

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka tisa tu, na neno hilo nimelifikiria siku mbili kabla ya kuliandika. Nimeliacha kwa sababu bibi yangu, aliyenifunza jibu la swali lako, aliniita hivyo siku iliyofuata, na neno zuri hurithishwa kama jembe. Basi sikiliza jibu, ingawa limechelewa.

Niliporudi kijijini kutoka chuo kikuu, kabla sijaanza kujitolea shuleni kwenu, wazee walinifanya katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Unakijua kikundi hicho, kwani hapa Nyakakika hakuna nyumba isiyokuwamo. Mtu akifa, wanaume huja na majembe, wanawake huja na mikungu ya ndizi na kuni, na marehemu analazwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba aliyoipanda. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Kagaruki. Nataka nimtendee haki: mwanzoni alikuwa mtu mwema. Kwenye msiba wowote alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na udongo ulikuwa umemjaa hadi magotini. Tulimsifu sana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku moja aliniambia, "Mwalimu, watu hawa wanabishana mno. Tuandikie katiba." Nami napenda mambo yaliyonyooka, kwa sababu yaliyopinda hunikosesha usingizi. Nikaandika vifungu kumi na viwili. Cha saba kilisema: uamuzi wa mwenyekiti ni wa mwisho na hauhojiwi. Kifungu hicho kilinikera wiki nzima. Nilikifuta, nikakirudisha, nikakifuta tena. Mwishowe nikajiambia, mzee ni mwema, kuna ubaya gani? Funika kombe mwanaharamu apite. Kumbe mwanaharamu mwenyewe ndiye niliyekuwa namfunika.

Misimu miwili ya kahawa haikupita. Mzee Kagaruki akaanza kuletewa kiti msibani wakati wenzake wanachimba. Kisha ikawa desturi kwamba kibuyu cha kwanza cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kipelekwe kwake kabla mfiwa mwenyewe hajaonja. Aliyembishia alipangiwa kubeba kuni kutoka mbali, na watu walinung'unika wakiwa kwenye migomba yao. Mkutanoni walipiga makofi. Mimi nilikuwa naandika muhtasari.

Sasa Jumanne ile, baada ya kukuamuru ukae chini, nilifika nyumbani nikakuta habari kwamba Byabato amefia hospitali. Alikuwa jirani yetu, mkulima mpole, ameugua miezi mitatu. Mkewe, Adventina, alikuwa kando ya kitanda chake muda wote huo, kwa hiyo nyumba yao haikuhudhuria misiba miwili. Mzee Kagaruki akatangaza kwamba wamefutwa. Hakuna mwanachama atakayeinua jembe, na atakayeinua naye amefutwa.

Asubuhi ya Jumatano mwili ulikuwa ndani ya nyumba, na mahali pa kaburi palikuwa pamewekewa vijiti vinne kwenye kibanja. Wanaume kama ishirini walisimama pembeni, majembe yako chini, macho yako kwenye majembe. Mzee Kagaruki alikuwa ameketi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu, wasomee cha saba."

Mwanangu, nilisoma. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nimesahau faili. Nilisoma mpaka nukta ya mwisho, na sauti haikutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Adventina aliniangalia tu. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, kaburi la baba yako alichimba nani?"

Alichimba Byabato. Kila mtu pale alijua.

Ndipo bibi yangu, Kokuhirwa, alipopita katikati ya wanaume na fimbo yake. "Hayo unayosoma," akaniuliza, "umefundishwa chuo gani?" Hakungoja jibu. Aliinama, akaokota jembe la mtu.

"Waitu mama," Mzee Kagaruki akasema, akimwita kwa heshima ya kwetu, "mwanamke hachimbi kaburi."

"Na mwanamume anachimba? Mbona simwoni?"

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Bibi akapiga jembe la kwanza. Lilikwangua ardhi tu, kwa maana mikono yake haina nguvu tena. Akapiga la pili. Akawa anazungumza huku anahema.

Alisema kwamba alipokuwa msichana, kibanja cha baba yake kilikuwa nyarubanja. Mfalme wa huku kwetu alikuwa amempa bwana mmoja ardhi ile pamoja na watu waliokuwa juu yake, kama mtu anavyotoa ng'ombe na kamba yake. Baba yake alipanda migomba, akapanda kahawa, lakini bwana ndiye aliyekuwa mwenyewe. Rubisi ikiiva, kibuyu cha kwanza kilikuwa cha bwana. Mwaka aliokufa nyanya yake, baba yake aliwapa waombolezaji kwanza. Bwana akatuma mtu. Siku ya tatu walikuwa barabarani na mikeka kichwani.

"Kaburi la nyanya yangu likabaki kwenye shamba la mtu mwingine," akasema. "Walipanda maharage juu yake. Serikali ya Uhuru ilipoufuta utaratibu ule nilidhani sitauona tena. Leo nauona, umekalia kiti, na aliyeuandika ni mjukuu wangu!"

Akanigeukia. "Mwanangu, wale mabwana hawakutushika wote kwa mikono yao miwili. Walishikiwa. Kuna aliyewabebea kibuyu, kuna aliyewapelekea amri, kuna aliyesimama akatazama miguu yake. Weka karatasi chini ushike jembe."

Nikalishika. Sitajisifu, maana nilikuwa wa pili, na mwanamke wa zaidi ya miaka themanini alikuwa ameshanitangulia. Baada yangu akaja mwingine, kisha wakaja wote kwa pamoja, hata tukawa tunagombania nafasi. Mzee Kagaruki alibaki na kiti chake. Kijana mmoja aitwaye Deo akamfuata. "Mwenyekiti, samahani, kiti hicho ni cha kanisa. Tunakitaka cha kuwekea jeneza." Watu wakacheka msibani, Mungu atusamehe. Mzee akasimama.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini uliniuliza swali la kweli na nina deni la jibu zima. Jumapili tulikutana kumwondoa, na hasira iliyokuwa imelala ikaamka na njaa. Kila mtu alikuwa na kidonda chake cha kusimulia. Deo, aliyekuwa amepata jina kwa kile kiti, akapigiwa makofi awe mwenyekiti, naye akasimama akasema, "Nyumba ya Kagaruki ifutwe milele. Akifa ajizike! Mwalimu, andika. Na kile cha saba kiache, kitatusaidia kunyoosha watu kama yeye."

Kofia ya kalamu nilikuwa nimeshaifungua. Unaona? Siku nne tu.

Bibi hakusimama. "Deo," aliita, "mke wa Kagaruki alikukosea nini? Wajukuu zake je? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mmemtoa bwana, au mmemtoa mtu mkabakiza kiti?" Kisha Adventina, mwenye haki ya hasira kuliko sisi sote, akasema, "Mimi sitaki mtu azuiwe jembe tena. Hata yeye." Nikachora mstari juu ya kifungu cha saba, nikaupitisha mara tatu mpaka karatasi ikatoboka. Deo alipata uenyekiti wa msimu mmoja, nyumba ya Kagaruki ikabaki, na msiba uliofuata mzee alikuja na jembe, akachimba pamoja nasi.

Ndiyo maana Wafaransa walingoja, mwanangu. Njaa na kodi nilivyokuandikia ubaoni ni kweli, lakini mfalme alisimama juu ya makarani waliojua na wakaendelea kuandika, watu kama mimi. Na ndiyo maana, walipomwangusha, walimwaga damu ya wenzao kwa miaka, kisha wakampa askari taji la kaizari. Walikuwa wamefuta jina, kifungu kikabaki.

Basi nakuusia hivi. Mtu mwema usimpe mamlaka ambayo usingethubutu kumpa mtu mbaya, kwa maana kiti hakimjui aliyekikalia. Ukipewa kalamu, kifungu kinachokunyima usingizi usikiandike. Usingoje bibi yako aokote jembe. Na siku ya kumwondoa mdhalimu ikifika, mwondoe, lakini mwachie njia ya kurudi akiwa jirani. Mwanafunzi wako akikuuliza kwa nini watu walingoja, usimwambie akae chini.

Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo usiolipiza. Akuzeeshe mpaka migomba uliyoipanda iwape kivuli wajukuu zako. Na siku utakapolala chini yake, majirani wako wafike na majembe bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote.