Kanga Aliyoivua Bibi Yako

Asubuhi ile ya kijijini Guta haijanitoka, mwanangu Wegesa, ingawa wewe huwezi kuikumbuka. Ulikuwa hujatimiza hata mwaka. Surua ilikuwa imeingia kijijini. Mtoto wa jirani alikuwa amelazwa Bunda, na mama yake alirudi kuchukua nguo bila kumsemesha mtu.

Chanjo ilifika. Lakini gari lililoitangaza ndilo lililokuwa limepita majuma machache nyuma likiombea kura chama tawala, na sauti ya kwenye kipaza ilikuwa ileile. Baba yako, aliyekuwa wakala wa upinzani, akafunga mlango. Alisema waliomnyima diwani wake ushindi hawawezi kumtakia mema mtoto wake.

Mimi, shangazi yako, nilikuwa nimekuja likizo kutoka masomo ya uzamili. Nilimweleza jinsi kinga inavyojengeka mwilini, hatua kwa hatua, na kila hatua ilimsogeza mbali zaidi. "Na wewe msomi," akauliza, "kadi ya chama wamekupa lini?" Niliwaza kukuchukua kwa siri. Kisha nikawaza kwamba nikifanya hivyo hataamini sindano nyingine maishani. Kwenye uwanja wa shule, wauguzi walikuwa wameanza kufunga makasha ya chanjo waende kijiji cha Mugeta.

Ndipo akaingia bibi yako, mama yetu, akitokea Butiama, amejifunga juu ya gauni kanga ya chama tawala aliyoipenda kuliko zote. Akanyoosha mikono akubebe mgongoni. Baba yako akakuvutia kifuani.

"Mama, mwanangu habebwi na kanga hiyo."

Nikangoja ugomvi. Bibi yako alimtazama tu.

"Unaogopa sindano, baba, au unaogopa gari?"

"Gari, mama."

Nikafungua mdomo niongeze hoja. "Wewe tulia, unaongeaga sana," bibi yako akaniambia. Kisha akaifungua kanga yake, akaikunja, akaiweka kitini. "Anayechoma ni nesi yuleyule aliyemzalisha mkeo. Siku ile hukumuuliza kadi. Twende."

Baba yako alikubeba mwenyewe hadi uwanja wa shule, akilipita gari bila kuligeukia. Nesi alikuwa ameshafunga kasha, akalifungua tena.

Mtoto wa jirani alirudi nyumbani, lakini macho yake yaliyoharibiwa na surua hayakupona.

Sasa umenionyesha kadi yako ya chama, mwanangu, nami nimefurahi. Kipigie chama kampeni, kibishanie hadi Musoma. Ila usiiulize kadi kuhusu mwili wa mtoto, muulize anayeujua. Chama chako kikitaka kupandisha bendera kwenye gari la chanjo, kikatalie wewe kwanza. Na ukikutana na anayekataa, usianze kumfundisha kama nilivyoanza mimi. Muulize anaogopa nini, kisha ungoje jibu.

Mungu akutunze. Akuzungushie watu walio tayari kuvua kanga zao kwa ajili yako, na zamu yako ikifika, akupe mikono myepesi ya kuivua ya kwako.